Naomba msaada: kuandika upya sentensi za Kiingereza bila kunakili

BintiKisauni:
Assalam aleikum wadau. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Mombasa, naandika ripoti kuhusu biashara ya majahazi Bandari ya Kale. Msimamizi amenirudishia sura ya pili imejaa wino mwekundu, asema nimenakili. Wallahi sikunakili! Kila sentensi nilikaa nayo na kamusi. Kwa mfano, kitabuni mna: "Dhows depended on the monsoon winds, so traders often waited for months before they returned." Nikaandika: "Boats relied on the seasonal winds, so merchants frequently stayed for months before they went back." Kosa li wapi? Zimebaki wiki mbili na usingizi sina.

MtuWaTudor:
Pole dadangu. Hebu zipange sentensi hizo moja juu ya nyengine. "Relied" limekaa kiti cha "depended", "frequently" kiti cha "often". Hakuna aliyehama.

MaalimMstaafu:
Waaleikum salaam binti yangu. Visawe viache kwanza, shika kitenzi. Sisi twasema tegemea, tegemezi, utegemezi. Nao wana depend, dependent, dependence. Ukigeuza kitenzi kuwa nomino, sentensi yote hulazimika kujipanga upya: "Dependence on the monsoon often kept dhow traders in port for months." Ile "so" haina kazi tena, na sababu imekuwa ndiyo mtenda. Kauli ya kutendwa pekee haitoshi, maana maneno hubaki yaleyale.

Tena "dhow" usiliguse. Hata mtumbwi ni "boat"!

Na wewe ni mtoto wa pwani, wajua kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na kusi huyarudisha. Funga kitabu, mweleze mamako kwa Kiswahili, kisha ndiyo uandike.

Likoni_Feri:
Naongeza moja, lilinigharimu alama. Chanzo kilisema "may have caused", mimi nikaandika "the cause of". Ile "may" ikapotea, nikawa nimethibitisha jambo ambalo mwandishi alilikisia tu. Ukigeuza kitenzi kuwa nomino, tazama vijineno kama "may" na "often" vimekwenda wapi.

BintiKisauni:
Shukran sana. Nimemsimulia mama jikoni, nimerudi na hii: "For dhow traders dependent on the monsoon, a wait of months was unavoidable."

MaalimMstaafu:
Mashallah, umbo limebadilika kweli. Ila "unavoidable" umelitoa wapi? Kitabu hakikusema hivyo, na "often" umeiacha. Andika: "a wait of months before the return voyage was common." Hiyo "common" ndiyo "often" iliyogeuka kivumishi. Kisha taja mwandishi, mwaka na ukurasa, maana hoja bado ni yake.