Dola 20 ya dhahabu: Liberty ya 1857 au Saint-Gaudens ya 1924?

Msafiri_TX: Wakuu salaam. Nataka sarafu moja tu ya zamani ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani. Nimebakiza mbili: Liberty (yenye kichwa cha mwanamke Liberty) ya 1857 iliyopigwa San Francisco, na Saint-Gaudens (inaitwa kwa jina la mchongaji wake) ya 1924. Ipi adimu? Za 1924 zilipigwa zaidi ya milioni 4, ila nasikia nyingi ziliyeyushwa baada ya amri ya Rais Roosevelt ya 1933 ya kurudisha dhahabu.

Babu Senti: Ziliyeyushwa kweli, lakini za 1924 ziliponea Ulaya. Mabenki ya kule yalizihifadhi kwenye magunia, baadaye zikarudi Marekani kwa wingi. Ndiyo maana unailipia juu kidogo tu ya dhahabu yake, gramu 30 hivi. Usihesabu zilizopigwa, uliza zimebaki ngapi. Kiwanda cha sarafu cha Denver kilipiga Saint-Gaudens 180,000 mwaka 1927. Leo zinazojulikana hazifiki 20!

MamaKibubu: Hata hiyo ya 1857 si adimu kihivyo. Zamani kupata iliyo safi ilikuwa shughuli. Kisha ikafikiwa SS Central America, meli iliyozama Septemba 1857 na dhahabu ya California. Kuanzia 1988 zikaibuliwa zaidi ya 5,000, nyingi zinang'aa utadhani hazijawahi kushikwa. Mimi ningechukua hiyo, yenye cheti kwamba imetoka melini. Bila cheti umenunua maneno ya muuzaji.

Kinyozi wa Mtaa: Kwa sura, Saint-Gaudens haina mpinzani, tubishane mpaka kesho. Igeuze ubavu: E PLURIBUS UNUM imezunguka ukingo mzima. Liberty ina meno tu. Ila ukiletewa ya 1924 yenye D (Denver) au S (San Francisco) ndogo juu ya mwaka, kwa bei ya ile ya kawaida, kimbia. Hizo ndizo adimu, na matapeli hubandika herufi.

Msafiri_TX: Na ile Saint-Gaudens ya 1933?

Babu Senti: Moja, ile pekee inayoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi, iliuzwa mnadani New York mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Zilipigwa 445,500, hazikutolewa rasmi, karibu zote zikayeyushwa. Familia moja ilijitokeza na 10, serikali ikazichukua, na mahakamani familia ikashindwa. Kwa hiyo hata ukiokota nyingine, mkuu, si yako.

Msafiri_TX: 😂 Basi natafuta ya melini.

MamaKibubu: Ukiipata usiisugue, hata kwa kitambaa laini. Ikishasuguliwa wanunuzi wanaona, na bei inashuka hapo hapo.