Hepatiki za juu ya majani, Uluguru: tufanyeje zisiishie "Cololejeunea sp."?

Chani_Moro: Wakuu, tunaorodhesha hepatiki (vimea vidogo visivyo na maua, ndugu wa kuvumwani) zinazoota juu ya majani ya miti kwenye msitu wa mawingu wa Uluguru, hasa zile zenye vielelezo vichache hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa). Nyingi zinarudi na jina la jenasi tu, kama "Cololejeunea sp.", yaani spishi haijatambuliwa. Tunazibana kwenye presi kama mimea mingine. Tubadilishe nini?

Hadubini400: Presi siyo kosa kwa majani, ila isikazwe sana. Kinachowapotea ni vijitone vya mafuta ndani ya seli. Idadi, umbo na rangi yake hutenganisha spishi nyingi, na sampuli ikikauka vinatoweka. Jioni ileile toa kitawi, kiweke kwenye tone la maji, tazama kwa ×400 na upige picha yenye mstari wa kipimo. Msitumie spiriti, inaharibu mafuta hayo. Hepatiki za magogoni na kwenye magome usizibane kabisa. Ziache kwenye bahasha ya karatasi iliyo wazi, kivulini, penye upepo. Kuzikausha jikoni huzifanya zivunjike, na mfuko wa plastiki uliofungwa huleta ukungu.

Mama Kuvumwani: Naongeza: chukueni majani makuukuu mengi ili mpate zenye perianthi (kifuko kinachozunguka kiungo cha uzazi cha kike), maana bila hiyo spishi kadhaa hazitenganishiki. Jani moja hubeba spishi nyingi zilizosongamana. Kata kipande chenye ile unayoitaka, kipe namba yake, ubakize jani zima pia. Na hakikisheni jenasi yenyewe: Cololejeunea haina vijani vya upande wa chini. Ukiviona, umeshika kitu kingine, pengine Lejeunea. Kielelezo kikavu kilainishe kwa maji ya moto, yanaondoa viputo vya hewa vinavyoziba kijifuko cha jani.

Chani_Moro: Asante mama. Na lebo?

Hadubini400: Kalamu ya risasi, wino hutoka. GPS, mwinuko, jina la mti mwenyeji, urefu kutoka ardhini, umbali na kijito. "Uluguru, msituni" haimsaidii mtu atakayetaka kuirudia spishi hiyo. Kipande kidogo cha kupimia DNA kiwe peke yake kwenye silika jeli (chembe za kufyonza unyevu). Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) vipatikane kabla ya kukata jani la kwanza. Nakala moja ibaki hebaria ya nchini, nyingine ilinganishwe na makusanyo ya Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea wa Hungaria aliyekusanya sana Uluguru miaka ya mwanzo ya 1970. Mengi yako Eger, Hungaria.