Ignaita ya Hilux ya 22R: mpya, ya mtumba, au turudi kwenye pointi?

Mbeba Viazi:
Ndugu zangu, nina Hilux ya petroli, injini ya 22R ya kabureta, inayoleta viazi Marikiti kutoka Narok. Siku hizi huzima ghafla tukiupanda mlima wa Mai Mahiu, na baada ya nusu saa huwaka kana kwamba haijawahi kuugua. Nilichomoa plagi nikaigusisha kwenye chuma cha injini huku utingo akipiga stata, wala sikuona cheche, kwa hiyo petroli naiondoa kwenye lawama. Makanika anasema ni ignaita, kile kifaa cha kielektroniki kinachokata na kurudisha umeme wa koili ili plagi zitoe cheche. Kirinyaga Road nimeonyeshwa mpya halisi, mpya isiyo na jina na ya mtumba kutoka Japani, ilhali jirani ananihimiza nifunge distributa (kigawa cheche) ya pointi, yaani vile vidude vya chuma vya zamani vinavyokata umeme kwa kugusana na kuachana. Ipi inafaa?

Fundi wa Kariobangi:
Mzee, usinunue kitu bado, kwa sababu koili (inayopandisha umeme wa betri uwe wa cheche) ikichoka nayo hufa ikipata joto. Gari likizima, lipime papo hapo kabla halijapoa, maana likipoa litakudanganya. Washa swichi, hakikisha umeme unafika kwenye ncha chanya ya koili, kisha funga waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye bodi na ncha yake uiguse kwenye upande hasi wa koili huku stata ikizunguka. Taa ikipepesa, ignaita inakata umeme inavyotakiwa, na mshukiwa ni koili au nyaya za plagi. Ikiwaka tu bila kupepesa, kosa liko kwenye ignaita au kwenye koili ndogo iliyomo ndani ya distributa inayoiashiria ignaita ikate lini, ambayo inapaswa kusoma kati ya ohm 140 na 180, na pengo kati yake na meno yanayozunguka liwe milimita 0.2 hadi 0.4.

Dada wa Spea:
Nauza vipuri, kwa hiyo nipunguzieni imani kidogo. Ya mtumba imepikwa na joto la injini kwa miaka mingi kama hiyo yako, na risiti zetu huandikwa kwamba vifaa vya umeme havirudishwi. Ukiichukua, ichukue ikiwa imefungwa pamoja na koili yake. Ile isiyo na jina mimi singeifunga kwenye gari la kazi.

Kabureta Sugu:
Pointi zina faida moja kubwa: fundi yeyote wa kando ya barabara huzisafisha kwa msasa. Hata hivyo pengo lake hubadilika kadiri zinavyolika, na koili ya ignaita, ambayo ukinzani wake ni mdogo, itaziunguza usipoweka rezista.

Mbeba Viazi:
Nimerudi. Jumanne ilizima tena mlimani; utingo alipiga stata, nami nikaiona taa imetulia tuli, bila kupepesa hata mara moja. Koili ndogo ilisoma ohm 160. Nilipoifungua ignaita nilikuta kutu chini ya skrubu zake, na kwa kuwa inapata hasi kupitia mwili wake, nilipiga msasa nikairudisha kwa matumaini. Safari iliyofuata ikazima palepale. Nimefunga mpya halisi, na tumepanda mara tatu tukiwa na mzigo bila kusimama. Ile ya zamani nimeitupa, kwa maana ikibaki chini ya kiti, siku moja utingo ataifunga.