Kuku wa wiki 14: nitajuaje tembe na jogoo kabla dalali hajaja?

MamaKibos: Habari zenu wafugaji. Niko Kibos, hapa Kisumu. Nina kuku 40 wa kienyeji walioboreshwa, niliwalea tangu vifaranga wa siku moja, sasa wametimiza wiki 14. Jumamosi dalali wa soko la Kibuye anakuja kuchukua majogoo. Nataka waondoke maana chakula kimepanda bei na wanawasukuma wenzao wakati wa kula, lakini naogopa kumpa tembe, yaani jike changa ambaye angenitagia. Wengi wanajulikana, wameshaanza hata kujaribu kuwika. Shida ni kama kumi hivi: kilemba si kikubwa wala si kidogo, rangi nazo zimechanganyika. Ninyi mnatofautishaje? Na hao watakaobaki niwatayarishie nini kabla ya yai la kwanza? Jirani ananiambia nianze kuwapa leyas (chakula cha kuku wanaotaga) sasa hivi ndipo watage mapema.

WaLurambi: Dada, angalia kilemba tu. Kikiwa chekundu na ndevu za chini ya mdomo zimeteremka, huyo ni jogoo, mpe dalali. Huku kwetu Kakamega ingokho, yaani kuku, hakosi mnunuzi sokoni.

MfugajiNjoro: Kilemba peke yake kinadanganya. Wapo majogoo wanaochelewa, hasa wale wanyonge wanaofukuzwa chakulani, na wapo matembe wenye kilemba kikubwa mapema.

Mama Kibos, subiri usiku wakishapanda kulala, chukua tochi, washike mmoja mmoja. Tazama manyoya ya mgongoni pale yanapokaribia mkia. Jogoo wa umri huo anakuwa ameanza kuota manyoya membamba yenye ncha kali, yanayong'aa na kuangukia ubavuni. Mara nyingine ni mawili matatu tu yamechomoza katikati ya yale ya zamani, kwa hiyo usipitishe macho haraka, yapekue kwa kidole. Ya tembe ni mapana na ncha yake ni ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Kwa mbegu hizi zetu, ukiona hata unyoya mmoja wa ncha kali pale mgongoni, huyo ni jogoo. Kisha linganisha miguu, ya jogoo ni minene zaidi.

Atakayekushinda mfunge uzi mguuni abaki. Chakula cha wiki mbili si hasara ukilinganisha na kumuuza kuku ambaye angekupa mayai mwaka mzima.

Leyas usianze, tafadhali. Kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, cha kukuzia kina kama asilimia 1 tu. Kuku asiyetengeneza maganda hana pa kuipeleka kalisi yote hiyo, inamharibu figo. Wala haimharakishi kutaga. Endelea na growas, hicho cha kukuzia, hadi wiki ya 18 hivi au uone yai la kwanza, halafu uchanganye kidogo kidogo kwa wiki moja.

WaLurambi: Ya manyoya nimeikubali. Lakini mbona majike wangu wana vilemba vyekundu na wanataga?

MfugajiNjoro: Kwa sababu wanataga, ndugu yangu. Tembe akikaribia kutaga kilemba kinakua na kuiva. Kwa hiyo chekundu cha wiki 14 kinakuelekeza kwa jogoo, cha wiki 20 huenda kinakuambia yai liko njiani.

NyanyaAhero: Mwanangu, tengeneza viota mapema, wiki ya 17 viwe ndani wavizoee. Kimoja kinatosha kuku wanne au watano, sentimita 30 kila upande, mahali penye kivuli. Viweke chini kuliko vijiti vya kulalia. Vikiwa juu watalala humo na kila yai litakuwa na kinyesi. Mimi natandika maganda ya mpunga, huku Ahero hayakosekani, lakini maranda makavu ni sawa. Acha yai la mbao au la plastiki ndani, wanaiga. Siku utakayomgusa mgongo naye achuchumae na kutandaza mabawa, hayuko mbali.

VetiBahati: Niongeze mawili. Dawa ya minyoo wiki ya 16, na chanjo ya Newcastle (kideri) irudiwe kabla hawajaanza kutaga. Chanjo hiyo ibebwe kwenye barafu kutoka agroveti (duka la dawa za mifugo) hadi nyumbani, ikipata joto ni pesa ya bure. Taa ya kuongeza saa za mwanga ingoje waanze kutaga kwanza.

MamaKibos: Asanteni sana. Nimewapekua jana usiku na mwanangu akishika tochi. Wale kumi karibu wote wamejulikana, mmoja niliyekuwa nimeshamtenga kwa dalali ni tembe kabisa! Wawili wamefungwa uzi. Nyanya, fundi anakuja kesho kwa ajili ya viota. Swali la mwisho: mayai ya kwanza yakiwa madogo au laini, ni ugonjwa?

MfugajiNjoro: Hapana. Madogo ni kawaida, yatakua ndani ya wiki chache. La ganda laini mara moja moja pia ni kawaida, na unaweza kukuta lenye viini viwili. Ukiona laini kila siku ilhali wameshahamia leyas, wawekee maganda ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo chake, kando ya chakula. Kila mmoja atadonoa anachohitaji.