Gharama za kusoma Ujerumani: je, akiba ya nauli inatosha?

Mwulizaji: Ndugu wanajamvi, ninakusudia kusoma shahada ya uzamili Ujerumani, ambako nasikia vyuo vikuu vya umma havitozi ada. Je, akiba ya nauli itatosha, na mtihani wa lugha niufanye lini?

Jibu la kwanza: Vingi havitozi, ingawa vyuo vya jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Mzigo wenyewe uko kwenye viza: tangu Septemba 2024, mwombaji asiye na mfadhili wala mdhamini kwa kawaida huonyesha yuro 11,904 katika akaunti maalumu, ambayo akishafika humruhusu kutoa yuro 992 tu kwa mwezi. Fedha hizo hubaki zako, lakini nauli pekee haitakufikisha popote.

Jibu la pili: Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hukubaliwa kwa miaka 2, basi usiufanye mapema mno. Mimi niliharakisha, nikaahirisha maombi, kisha nikalazimika kuulipia tena.

Mwulizaji: Nawashukuru. Nitaahirisha mtihani, nianze na akaunti.