MREJESHO: Mutuelle imeanza kulipia vyuma vya mifupa Bukavu

Asanteni sana, wakubwa na ndugu zangu. Niliuliza namna sisi wapasuaji wa mifupa tungeishawishi mutuelle ya afya, yaani mfuko ambao wanachama huchangia ili kulipiana matibabu, ilipie vyuma vya kuunganisha mifupa iliyovunjika, kwa kuwa malipo yake ya jumla ya upasuaji hayavihesabu. Mlinishauri nianze na hesabu ya kitanda. Aliyevunjika paja, mguu ukivutwa kwa uzito, hulala wiki 6 na zaidi. Ndugu yake analala sakafuni kando yake, biashara imefungwa. Akiwekewa chuma, kwa kawaida husimama kwa magongo baada ya siku chache. Nilipowaeleza hayo, mweka hazina wa mutuelle alikaa kimya, kisha akauliza bei ya msumari, yaani chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa. Wamekubali nusu, kwa paja tu. Kwa mchuuzi wa Kadutu, hapa Bukavu, nusu haitoshi kabisa! Kikao kijacho nitadai iliyobaki.