Kontra (mkataba wa kazi) "inafika mwisho" tumbo likianza kuonekana: sosiete za Lubumbashi, mpaka lini?

Wandugu, nina hasira na sitaificha. Mdogo wangu ameondolewa kazini katika sosiete (kampuni) moja inayofanyia kazi kampuni za madini hapa Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kuingiza saa za wafanyakazi kwenye kompyuta, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Mimba ilipokua, nguo zikashindwa kuificha, shefu wa personeli, yaani mkuu wa wafanyakazi, akamwita: "Mama, kontra yako imefika mwisho, nenda ukapumzike." Apumzike! Unga wa bukari nani atanunua?

Tuiangalie hiyo kontra. Ni ya miezi mitatu, na kila inapoisha wanamtilisha saini nyingine ileile, sasa ni zaidi ya mwaka. Sheria ya Kazi ya Kongo (RDC) ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 41, inamkataza mwajiri kufunga na mtu mmoja kontra za muda zaidi ya mbili, au kuirudia zaidi ya mara moja, ukiacha kazi za msimu na nyingine chache. Akivuka hapo, kontra inahesabiwa kuwa haina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo hakuna kilichofika mwisho pale! Kuna mwanamke aliyefukuzwa kwa ajili ya mimba, na kifungu cha 62 kinaitaja mimba kwa jina lake kati ya sababu ambazo haziwezi kumfukuzisha mtu.

Haikutosha. Wasichana waliokwenda kuomba nafasi yake wameambiwa walete karatasi ya kipimo cha mimba. Kifungu cha 128 kinakataza hilo, isipokuwa kwa kazi ambazo mjamzito haruhusiwi kufanya au zinazoweza kumdhuru yeye na mtoto. Kukaa mbele ya kompyuta kunamdhuru nani?

Msiniambie hawajui sheria. Wanaijua vizuri sana, ndiyo maana wanawahi. Wakimwacha mpaka akaribie kujifungua watakuta wiki 14 za likizo na theluthi mbili za mshahara, na katika wiki hizo hawawezi kumwondoa. Wanakimbia hizo wiki 14, basi. Halafu tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, utawaona wanagawia wanawake vitenge na kupiga nao picha getini! Sheria ya usawa wa wanawake na wanaume ipo tangu 1 Agosti 2015. Kitenge hakilipi hospitali, watupe haki ya kazi.

Nimemwambia twende kwa enspekta wa kazi, yule mkaguzi wa serikali, kwa sababu kesi lazima ianzie pale kwa mapatano kabla ya kufika Tribinali ya Kazi. Jaji akiona amefukuzwa bila sababu halali na hawamrudishi, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 36. Anaogopa. Anasema shefu yule anajuana na wenzake mpaka miji ya Likasi na Kolwezi, na jina lake likizungushwa hatapata kazi tena popote. Na mimi siwezi kumwambia anaogopa bure, maana sote tunaona jinsi kazi zinavyotolewa hapa kwa kujuana.

Kama kuna mama humu aliyefikisha kesi ya namna hii kwa enspekta wa hapa Lubumbashi, aandike: alibeba karatasi gani, na sosiete ilipoitwa ilikuja au ilituma mtu tu? Zile kontra zote za zamani anazo, nimemkataza asimpe mtu.